Mchi Niliompigia Saidi

Ziwani, Jumamosi. Joto la kufa mtu. Mawingu yamejaa, mvua inatutania tu.

Leo nimemvunja mkono mdogo wangu. Naandika kwa mkono uleule ulioshika mchi.

Saidi ana miaka thelathini na sita. Nimemlea mimi tangu mama afariki, labda ndiyo maana sijawahi kumwona kama mtu mzima. Mkewe Zainabu alirudi kwao Naliendele mwaka jana kwa sababu ya uraka, pombe ya mabibo, matunda ya mkorosho, inayotumaliza huku kila msimu wa korosho. Saidi akatubu. Msimu wote huu hajaonja. Leo baba mkwe wake alikuwa anakuja kumwona kwa macho yake, na akiridhika amrudishe binti.

Mimi, kwa ujuaji wangu, niliagiza mabibo yote ya shambani yatupwe kwenye tangi letu la chini ya ardhi, lile la maji ya mvua, lililokuwa kavu. Nikalifunika, asipatikane wa kuyakamua. Leo asubuhi Saidi akashuka kwa ngazi ayatoe, maana mvua ziko karibu, akaona amalize kabla mgeni hajafika.

Sikumwona akishuka. Nilikuwa natwanga kisamvu. Nilichoona ni mtu anatokea nyuma ya nyumba miguu imetanuka, anapepesuka, anaparamia ukuta, ananuka uraka kuanzia nywele. Na pikipiki ya mkwe ndiyo kwanza inaingia uani.

Damu ilinipanda kichwani.

Nilimfuata na mchi. Nilimpiga bega, nikampiga mgongo, na alipoinua mkono kujikinga nikaupiga mkono. Niliusikia ukivunjika. Akaanguka, nikaendelea. Nilimtukana matusi ambayo mama angenitoa meno kwa kuyasikia. "Dada, sijanywa," alisema. Alisema mara tatu. Ya tatu nilimjibu kwa teke la mdomo.

Nikiri hapa, kwa kuwa sina pengine pa kukiri: niliona raha. Mwaka mzima nilikuwa nasubiri anikosee.

Mkwe alitazama, akatema mate. "Nlevi yuleyule," akasema, akageuza pikipiki.

Nyuma ya nyumba nikakuta tangi liko wazi na ngazi imo ndani. Nikaapa kazi ya kuyatoa mabibo nitaimaliza mwenyewe, simhitaji mlevi. Nikashuka. Hata ndoo ya kwanza haikujaa. Kichwa kilikuwa chepesi, pumzi naivuta lakini hainishibishi. Nikaogopa, nikapanda ngazi kwa kujivuta. Huko juu niliuamuru mguu uende mbele, ukaenda pembeni. Ua wote ulikuwa umelala upande. Nilipiga hatua nne kama mtoto anayejifunza kusimama, nikaenda kumwangukia Saidi palepale nilipomwangusha. Akanidaka kwa mkono mzima.

Gauni langu lilikuwa linanuka uraka.

Mganga wa zahanati alimfunga Saidi mkono, kisha akatugombeza wote wawili. Alisema mabibo yakioza mahali palipofunikwa, hewa ya kuvuta inakwisha mle ndani. Dakika chache tu zinatosha mtu mzima apoteze mizani na kutembea kama mlevi, na akichelewa zaidi hatoki. Mimi miguu ilinirudia kabla ya adhuhuri. Mkono wa Saidi utachukua wiki nyingi.

Nilipoyumba mimi, hakuna aliyeniuliza nimekunywa nini.

Saidi hajanilaumu. Afadhali angenitukana. Sasa hivi, jua linazama, yuko barazani na mdomo uliovimba, anakunywa uji niliompikia, kijiko kinapita upande mmoja tu. Mchi nimeukata vipande nikauchoma, kana kwamba kosa lilikuwa la mti.

Nimemwambia kesho alfajiri nakwenda Naliendele kupiga magoti mbele ya mkwe na Zainabu, nimweleze kila mmoja kwamba Saidi alikuwa mzima na mwendawazimu nilikuwa mimi.

Ameweka kijiko chini. Hakunitazama.

"Waambie mara tatu, dada."