Mrija Uliponiponyoka

Tororo, Jumamosi 26 Desemba 1964

Mkono wa kushoto bado una ganzi. Leo tumezunguka chungu cha malwa, pombe ya ulezi tunayoinywa kwa mirija mirefu, mimi mwenyeji, mtu niliyewahi kula Krismasi Mombasa na Kampala, nikiwachekesha wageni. Mara mrija ukaniponyoka.

"Mzee amelewa kabla ya kunywa," shemeji akanitania.

Nikacheka kuliko wote. Hawakujua kwamba vidole havikuusikia ukitoka.

Wiki nzima nimechinja, nimepokea, nimesindikiza, usingizi hakuna. Kifua kinabana. Daktari alisema nipumzike, nikamjibu kwamba mwenye boma hapumziki sikukuu.

Jioni nikamwomba mke wangu Rosa awazuie wageni wa kesho. Nilitegemea atanicheka. Akajifunga leso, akatoka kwenda kuwaambia bila kunibishia, na hapo ndipo nikaogopa.