Maji ya Nyamitaba Niliyopima Wakati wa Mvua

Papa Anselme,

Barua hii nimeianza mara tatu na kuipasua. Ni mimi Riziki, yule uliyemfundisha kujenga wakati wanaume wa shantie, pale tulipokuwa tunajenga, walicheka kuona mwanamke ameshika mwiko.

Unakumbuka tulivyoanza kuongelea maji. Miaka yote kampuni yetu ndogo ilijenga madarasa na makanisa, lakini kazi hiyo ilikuwa inapungua. Na kila kijiji tulichopita, toka huku Masisi hadi Itebero kule msituni, watu walituomba kitu kimoja: tuwafikishie maji. Wewe njo ulisema kampuni yetu itaishi kwa kazi ya maji. Nikakubali haraka. Haraka kukushinda.

Chemchemi ya Nyamitaba niliipima mwenyewe, mara moja tu, katikati ya mvua. Ndoo ilijaa palepale. Uliniambia tungoje kiangazi, tupime tena, kisha njo tusaini mkataba. Niliogopa wengine wasituchukulie kazi. Nikakujibu mbele ya wafanyakazi wote: "Papa, umezeeka. Unatuchelewesha."

Ulipangusa mwiko wako kwa majani, ukaenda nyumbani. Malaria ilikuchukua kabla sijapata ujasiri wa kuja kuomba msamaha. Nilikuja kubeba jeneza.

Nilikuwa nimesaini bila kungoja, tukajenga. Siku maji yalipofika Nyamitaba, watu walicheza. Kiangazi kilipoingia, robine za kuchotea maji zikatoa hewa, kisha zikanyamaza. Wamama wakarudi kuteremka bondeni, bidoni za maji mgongoni. Nilipopanda kule walinizunguka, wakauliza nani alipima ile chemchemi.

Nilisema ni wewe. "Marehemu njo alipima." Watu wakainamisha vichwa, wakaacha kuuliza, maana nani atamsema mufu? Ilikuwa rahisi hivyo.

Habari ikamfikia Mama Anne, mke wako. Alikuja ofisini, akakataa kiti.

"Riziki, maji ile, Anselme njo alipima?"

"Hapana, Mama. Ni mimi."

Aligeuka, akatoka. Afadhali angenitukana.

Jumapili iliyofuata, kisha ya ibada, nilisimama mbele ya watu wa Nyamitaba nikasema yote: ndoo, mvua, onyo lako, uongo wangu. Mzee mmoja alitoka nje bila kuniangalia. Chefu wa kijiji aliniambia tu nitengeneze nilichoharibu.

Basi tukapanda juu zaidi, kwenye chemchemi ile ndogo uliyotuonyesha zamani, nami nikasema iko mbali mno. Tuliipima kila juma mpaka mwisho wa kiangazi. Haikupungua. Tukachimba mtaro pamoja na wanakijiji, tukalaza tiyo za kupitishia maji hadi kwenye tanki. Sasa tuko katika kiangazi cha pili. Maji si mengi, lakini hayakatiki.

Watu wa Itebero wametuandikia, wanataka tuanze mara moja. Nimewajibu kwamba tutapima kwanza, mvua na kiangazi, na kama hawawezi kungoja, watafute wengine. Wafanyakazi wananung'unika. Labda tutaikosa kazi ile, na sijui kampuni itafika wapi bila kazi hiyo. Lakini ninalala vizuri kidogo tangu nilipotuma jibu.

Mama Anne hajaingia tena kwangu. Tukikutana njiani ananisalimia, basi, anaendelea na safari yake. Simulazimishi.

Pumzika, Papa. Sikuombi msamaha kwa karatasi. Nilipaswa kukuomba wakati ulikuwa bado unaweza kunikatalia. Ninakuahidi hili moja: kosa langu nitalibeba mwenyewe, mbele ya watu, hata likiifunga kampuni. Jina lako sitalitaja tena ila kwa kulishukuru.

Mwanafunzi wako,
Riziki