Pweza wa Kununua

Jumanne, Kilwa Masoko. Alfajiri ilinyesha rasharasha, saa hizi jua kali. Miguu inaniwasha kwa chumvi, na nina furaha ambayo wiki iliyopita sikuitegemea.

Nilipoanza kurusha video za Shangazi Somoe akichokoa pweza mwambani, niliwaahidi watu video mpya kila siku. Kila siku! Mtu mzima, nimezaliwa hapa, najua fika mwamba hauonekani kila siku. Wakati wa bamvua maji yanakupwa mpaka mbali, kina mama wanatembea juu ya mwamba na vyuma vyao. Yakija maji mafu, mwamba unabaki chini na Shangazi anakwenda zake kupalilia mihogo. Lakini wajuzi wa mtandaoni walisema ukikaa siku mbili bila kuposti umesahaulika, nami nikawaamini.

Basi maji mafu yakanikuta sina video. Nikaenda sokoni nikanunua pweza, nikamchomeka kwenye shimo la jiwe pale ufukweni, nikamchomoa mbele ya simu huku napiga vigelegele peke yangu kama mwehu.

Watu wa Dar walishangilia. Kisha akatokea mmoja wa kisiwani Songosongo, akaandika: "Dada, huyo pweza kashapigwa. Kajipiga mwenyewe humo shimoni?"

Kweli tupu. Muuzaji alikuwa keshamponda ili alainike, ananing'inia mkononi kama soksi iliyoloa. Niliona, nikajipa moyo kwamba nani atajua.

Kilwa nzima ilijua.

Ingekuwa aibu yangu peke yangu, ningeimeza. Lakini uso wa zile video ni wa Shangazi. Jumamosi shughulini wenzake walimuuliza kama siku hizi anachokoa pweza sokoni, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mwanamke aliyesomesha wanawe kwa chuma kile! Aliporudi hakunigombeza. Alisema tu, "Mwambani njoo ukitaka. Simu iache kwenu."

Nililia, sifichi.

Jana nikarusha video fupi, uso wangu tu, bila muziki. Nikasema pweza yule nilimnunua, Shangazi hakujua lolote, naomba radhi. Nikasema pia kwamba Shangazi akiniruhusu tena, itakuwa video moja kwa wiki, Ijumaa baada ya swala. Wakati wa bamvua nitarekodi za kutosha, maji mafu nitakaa nyumbani nikizikata na kuziunga. Hiyo naiweza bila kudanganya mtu na bila kujitoa roho. Wafuasi wengine wameshaondoka. Waende salama.

Leo maji ya bamvua yameingia. Nikamfuata Shangazi mwambani, simu nimeiacha kitandani. Na ujue mambo ya Mungu: pweza mkubwa kuliko wote niliowahi kuwaona akachagua kutoka leo. Alimzonga Shangazi mkono mpaka kwenye kiwiko, rangi zinambadilika, na Shangazi anamtukana huku anacheka. Mkono wangu ukaenda kiunoni wenyewe, kwenye pindo la kanga ninakochomekaga simu. Hamna kitu. Roho iliniuma, jamani! Nikasogea, nikamsaidia kumbandua.

Kurudi nilimbeba mimi. Tulipofika mchangani Shangazi akaniuliza, hata hanitazami, "Simu iko wapi?"

"Nyumbani, Shangazi."

Akakung'uta mchanga kwenye chuma chake.

"Kesho maji bado makubwa. Uje nayo. Ila yule pweza wako wa sokoni umwache huko huko." Akacheka, na mimi nikacheka huku machozi yananilenga.

Simu nimeshaitia chaji. Yule mkubwa hamtamwona kamwe, yuko chunguni na tui la nazi, nyumba nzima inanukia. Hakuna wa kuniambia tena nimrushe kila siku mtu ambaye bahari yenyewe inampumzisha.

Kesho maji yanakupwa tena.