Printa ya Mama Ojera na Seva Isiyo na Tundu

Jumatatu, 3 Machi 2025

Seva mpya imefika. Nyeusi, nyembamba, haina kelele hata kidogo. Nimeizungusha nyuma kutafuta tundu la printa — hakuna! Nikaizungusha tena, labda lingejitokeza kwa aibu. Matundu manne ya USB, mawili ya mtandao, moja la skrini. Lile tundu pana la kupokea meno ishirini na matano ya kebo yetu wamelifuta tu. Hawakuniuliza.

Ile ya zamani iliungua Jumamosi. Programu yetu ya mizigo ni ya Unix, nimeihamisha yote, inakimbia vizuri. Ila haiwezi kuchapa. Ofisi ya mizigo isiyochapa ni stoo tu.

Byron, meneja, haelewi kwa nini nang'ang'ania printa kuukuu. Nimemweleza: ni ya sindano, inagonga. Inagonga karatasi tatu kwa mpigo — nyeupe ya mwenye mzigo, waridi ya dereva, njano ya kubaki hapa. Mteja anatia sahihi mara moja, inapenya zote tatu. Mzigo ukipotea njia ya Kitgum, tunazibandika tatu dirishani kwenye mwanga. Sahihi zikipishana, kuna mtu kadanganya. Printa ya leza haigongi. Leza inapaka.

Akanisikiliza huku anasoma simu. Kisha akatoa hukumu: nina mpaka Jumanne ya wiki ijayo. Printa ikikataa mpaka hapo analeta leza, kila mtu ajichapie mwenyewe, na Mama Ojera "apumzike".

Apumzike wapi? Jina lake ni Acayo, lakini ofisi nzima tunamwita kwa mwanawe wa kwanza. Miaka kumi na tisa amekaa mbele ya printa ile, anapanga fomu, anararua, anagawa. Mumewe ni sajini wa polisi, anastaafu mwezi wa sita, na nyumba ya polisi kule Naguru wanairudisha. Kazi hii ndiyo itakayowapangia chumba. Si siri, ametuambia wote.

Ukuta wa ofisi ya Byron ni mbao, kila neno hupenya. Nilipotoka Mama Ojera alikuwa pale pale, ameshika fomu za kuandika kwa mkono.

"Nerima, mwanangu, machine yangu haiko mgonjwa," akasema. "Ni hiyo mpya hana mdomo."

Kweli haina mdomo.

Jumanne, 4 Machi 2025

Soko la Nakivubo asubuhi. Zulaikha wa waya ana kila kitu, mradi umpe muda wa kuchimba. Akanichimbulia kebo: upande mmoja USB, upande wa pili mdomo mpana wa printa. Kwa kiapo: "Nyabo, hii nafanya kwa plinta yote. Yote!"

Nimechomeka. Seva ikaandika kwenye kumbukumbu zake kwamba imeona printa. Niliruka! Mama Ojera naye akaruka, hajui kwa nini.

Nikatuma fomu ya majaribio. Printa ikagonga, ikagonga — ikanyamaza katikati. Nikazima, nikawasha, nikatuma tena. Ikanyamaza palepale. Sasa hilo ndilo linalonitoa usingizi wa mchana. Kitu kibovu huharibikia popote. Hiki kinaharibikia mahali pamoja!

Nikatuma maandishi ya mistari mifupi. Ikaenda mbali zaidi. Mirefu, ikafa mapema. Kumbe si mistari, ni herufi! Nikazihesabu moja moja kwa ncha ya kalamu, Mama Ojera ananitazama kama mtu anayehesabu mchele. Jibu: inakufa pale tumbo la printa linapojaa. Printa ikishiba husema "ngoja kwanza". Kebo ya Zulaikha haisikii. Inaendelea kumimina, wote wawili wanakwama.

Nimefurahi kuliko inavyomfaa mtu aliyeshindwa.

Jumatano, 5 Machi 2025

Jumatano ya Majivu. Nimepakwa majivu kwenye misa ya saa kumi na mbili, nikaenda kazini na msalaba kwenye paji. Ocira, dereva wa lori la Gulu, akauliza kama printa imenilipukia.

Wazo lilinijia kanisani, Mungu anisamehe. Kwani ni lazima seva iguse printa? Si wanaweza kuzungumza kupitia mtandao? Kwenye stoo kuna vitu vya tawi letu la Jinja lililofungwa. Nikapekua. Kisanduku kidogo cha kijivu: upande mmoja tundu la waya wa mtandao, upande wa pili lile pana lenyewe, la meno ishirini na matano! Nilikibusu. Kilikuwa na vumbi.

Kimewaka. Rauta ikakipa namba ya anwani, inaishia kumi na nne. Nikaiandika namba hiyo kwenye faili la printa ndani ya seva, nikatuma.

Ikagonga mpaka mwisho! Ila ngazi. Mstari wa kwanza sawa, wa pili ukaanzia pale wa kwanza ulipoishia, wa tatu vivyo hivyo, maneno yakashuka kulia mpaka yakatoka nje ya karatasi. Jina la mteja juu kushoto, mzigo wake chini kulia, kijiji chake hakipo kabisa. Mama Ojera alicheka mpaka akashika meza.

Nilipopata pumzi nikamweleza. Unix ikimaliza mstari hutoa amri moja tu: shuka. Printa hii inangoja mbili: rudi kushoto, halafu shuka. Nilidhani nitamchosha. Wapi!

"Ni kama kwata," akasema. "Afande nasema 'mbele tembea' tu, hasemi 'geuka'. Askari naenda, naenda, naingia kwa ukuta. Si kosa ya askari."

Si kosa ya askari! Nimesoma hilo somo muhula mzima chuoni na hakuna mwalimu aliyelisema hivyo. Nikaandika filta ya mistari mitatu, kazi yake ni kupiga amri ya "rudi" kila mwisho wa mstari. Saa kumi jioni fomu ya Kitgum ikatoka imenyooka, kila neno ndani ya kisanduku chake. Mama Ojera akairarua, trrr, tatu kwa mara moja, akampa Ocira ya waridi bila kumtazama. Karibu nilie.

Alhamisi, 6 Machi 2025

Haifanyi kazi.

Jana ilifanya! Sijagusa kitu. Seva inasema inagonga mlango wa kisanduku, haufunguliwi. Nimebadilisha waya. Nimezima, nimewasha. Nimekitukana kwa Kibukusu. Saa tano ndipo nikaona: kisanduku leo hakiko kumi na nne. Kiko kumi na tisa. Nikabadilisha faili, kikafanya kazi siku nzima. Byron amepita, kaona karatasi inatoka, kasema "basi vizuri" na kuendelea zake.

Kwa nini kilihama?

Ijumaa, 7 Machi 2025

Kimehama tena! Leo ishirini na tatu.

Kumi na tisa leo ni ya nani, basi? Nikafungua rauta kuangalia. Simu. Simu ya Ocira! Yaani asubuhi hii seva imekuwa ikibisha hodi kwa Ocira aichapie fomu, naye yuko nje anakunywa chai.

Rauta inagawa namba kwa anayefika kwanza, kama kadi za hospitali. Hilo sawa. Lakini kisanduku hakiondoki mle ndani, kinafikaje mwisho? Nikamuuliza Ogwal, mlinzi, nani hufunga ofisi. Akamwonyesha Mama Ojera kwa kidevu.

Naye hakuficha. Kila jioni anazima swichi zote za ukutani, moja moja, kisha anachomoa na plagi. Seva tu ndiyo haigusi, niliiwekea karatasi ya "USIZIME". Umeme wa yaka unalipiwa kabla, na mita haijui kama kuna mtu ofisini.

"Hii vitu nakula hata kama watu hapana," akasema. "Kwangu mimi nazima hata friji usiku."

Asubuhi wapakiaji wanaingia kwanza na simu zao, wanachukua namba. Mama Ojera anakuja saa mbili na nusu, anachomeka kisanduku, kinapewa iliyobaki. Siku mbili nimewinda jini kwenye waya, kumbe ni mama mwenye nidhamu ya umeme.

Sikumwambia aache. Kila nyumba ninayoijua Kampala inafanya hivyo, na mimi mwenyewe nachomoa hadi chaja. Nimekipa kisanduku namba ya kudumu, mia mbili, mbali na simu za watu. Azime atakavyo.

Aliniuliza kama Byron sasa ameridhika. Nikasema ikipita Jumatatu salama, yamekwisha. Akanishika mkono, akaushika muda mrefu. Akasema amemwambia sajini wake atafute chumba chenye jiko la nje.

Jumamosi, 8 Machi 2025

Siku ya Wanawake, ofisi imefungwa. Nimefua. Nimelala mchana bila kuota namba. Mama aliniuliza kwa simu kama nimepata mchumba, nikamwambia nimepata kisanduku.

Jumatatu, 10 Machi 2025

Saa mbili na nusu Mama Ojera akachomeka. Nikatuma. Ikagonga. Fomu thelathini na moja mpaka saa sita, hakuna iliyopotea!

Ningeishia hapo. Ningekula chakula changu nikanyamaza. Lakini nilikuwa kibandani ng'ambo ya barabara, mbele yangu chapati na maharage, nikajiuliza: seva ninaifikia kwa simu popote nilipo. Seva inakifikia kisanduku. Kisanduku kinaifikia printa. Je, mimi hapa kwenye maharage?

Nikatuma: CHAI IKO TAYARI MAMA OJERA.

Kelele ya sindano ilisikika mpaka barabarani, na baada yake kelele ya Mama Ojera. "Banange! Machine naniita jina!" Nilipoingia alikuwa anacheka, machozi yanamtoka, ameibandika karatasi ukutani na gundi.

Byron alikuwa amesimama mlangoni. Akauliza, taratibu sana, kama hata yeye anaweza, kutoka nyumbani Mbuya. Na mimi na mdomo wangu! Nikasema hata kutoka Kitgum! Hata kutoka Juba! Mtu anaandika fomu alipo, inatoka hapa. Nikamwekea kwenye simu yake palepale, dakika kumi. Nilijiona mkubwa.

Alitazama printa, akatazama kiti cha Mama Ojera.

Jumanne, 11 Machi 2025

Saa tano. Byron kapiga simu kutoka Mbuya, leo haji. Kaniambia nizime spika, nitoke nje. Nikatoka.

Saa nane atatuma fomu kumi za lori la Gulu, mfululizo. Anataka Mama Ojera aende kunywa chai, asiguse kitu. Mimi nisimame, nimwambie zimetoka ngapi salama. Zikitoka zote kumi, anataka nimweleze kiti kile ni cha nini. Kurarua, kasema, hata wapakiaji wana mikono. Nikamkumbusha kwamba ahadi ilikuwa printa ikifanya kazi Mama Ojera anabaki. Akajibu kwamba ahadi ilikuwa leza haiji. Na haiji.

Nikasema karatasi hujikunja. Akasema tutaona.

Tena si uongo. Leo ndiyo kwanza nimeutazama mkono wa Mama Ojera badala ya kuitazama seva. Kila fomu ya tatu au ya nne, karatasi inavuta kushoto, naye anaisukuma kwa kidole gumba, katikati ya hadithi, bila kuangalia. Asiposukuma inakunjamana na rangi tatu zinapandana. Miaka kumi na tisa ya kidole gumba. Hakuna filta ya hiyo.

Sasa ni saa saba na dakika hamsini. Nilimwambia tu kwamba bosi anaijaribu mashine peke yake, wewe nenda chai. Nimekosa ujasiri wa kumwambia kwa nini, naona aibu kuandika hata hapa. Hakuondoka. Alipiga magoti nyuma ya printa na tochi ya simu, akalegeza vishikio vyote viwili vya karatasi, akatoa fomu, akazipiga mezani zikakaa sawa, akazirudisha tundu kwa tundu, akakaza. Dakika ishirini nzima. Akapuliza vumbi. Akasimama akishika kiuno.

"Nimekunyoshea sana," akasema. "Hata kumi, hata ishirini natoka bila mtu. Bosi hatakuaibisha mbele ya watu, mwanangu."

Akanipigapiga begani, akaenda chai na Ogwal. Nawaona dirishani, anamsimulia kitu, anacheka.

Kishikio cha kushoto kinalegea kwa kidole kimoja. Nimeshakigusa mara mbili, nikakiacha mara mbili. Nikilegeza, karatasi zinajikunja na kiti chake kinabaki; ila kazi yangu ya wiki nzima inaonekana mbovu, na leza —

Imeanza kugonga. Ya kwanza imetoka, imenyooka. Ya pili.