Bangili ya Mama Eliza na Treni Tatu

Jumatatu, 2 Juni

Kuku ametaga ndani ya handaki tena. Treni ya mizigo imelikuta yai, imesukuma, imeshindwa, magurudumu yakazunguka bure. Nimelila hilo yai. Mke wangu, Mama Eliza, kauliza limekwenda wapi. Nimesema ajali ya reli.

Njia nimeifuta kwa kitambaa. Betri ya sola iko sawa. Swichi mbili zinakwaruza. Itigi baridi leo, vidole vigumu kama misumari.

Mke wangu bado ananung'unika kwamba alizeti yake inalala barazani kwa sababu chumba kimejaa midoli. Siyo midoli. Padri mzee wa Ulaya aliporudi kwao kuzeeka aliniachia makreti mawili ya treni ndogo. Misa sikuwa nahudhuria. Nadhani alinionea huruma, au aliona nilivyozitazama.

Jumatano, 4 Juni

Mihayo kaja na fimbo yake. Yeye Mnyamwezi, mimi Mnyiramba, kwa hiyo ni mtani wangu. Akiingia hapa anachukua anachotaka na mimi sina ruhusa ya kununa. Leo kachukua kofia yangu ya kazi. Imemkaa vibaya, kichwa chake kikubwa kama kibuyu cha asali. Nimemwambia.

Yeye alikuwa dreva wa treni za kweli. Mimi darasa la nne langu lilinifikisha kugeuza njia hapo stesheni, na kumpa tokeni. Bila tokeni mkononi dreva haingii kipande cha njia kilicho mbele, hata awe anabeba rais. Nilikuwa nasimama pembeni nimeinua duara la waya lenye tokeni, yeye anapita bila kusimama, analidaka kwa kiwiko. Miaka tuliyojuana mikono kabla ya kujuana majina!

Kabla ya kuondoka kasema, akitazama dirishani, kwamba binti yake Kalunde anakuja kumchukua. Anahamia Tabora. Jumapili tarehe 15.

Nimesema afadhali, sukari yangu itapumzika. Alipotoka nilikaa kwenye gunia muda mrefu.

Alhamisi, 5 Juni

Nimeamua. Kabla hajaondoka tutaendesha treni tatu kwa pamoja. Ya abiria, ya mizigo, na ile fupi ya kokoto. Mpaka sasa tumeweza mbili.

Shida ni umeme. Ukiupitisha kwenye reli nzima, vichwa vyote vinatii amri moja. Ukimwambia mmoja nenda, wote wanakwenda, kama wanakwaya. Kwa hiyo nimekata njia vipande vitatu, kila kipande na swichi yake na kirungu chake cha kuzungusha, cha kuongeza na kupunguza mwendo. Stesheni tatu za maboksi ya majani ya chai. Ulemo, nilikozaliwa. Kinyangiri, kwao mke wangu. Vijiji hivyo viwili reli haijawahi kuviota, nimevipelekea mimi. Ya tatu Ihanja, kwa ajili ya binti mmoja aliyenikataa huko zamani. Hiyo stesheni haina choo.

Tokeni nazo tatu. Ufunguo wa kabati, kijiko, na bangili ya shaba ya Mama Eliza. Bangili ni ya kipande cha Ulemo na Kinyangiri. Niliiomba kwa adabu baada ya kuichukua.

Jumamosi, 7 Juni

Kuku kafungiwa. Swichi zimesuguliwa kwa msasa. Tumejaribu tatu. Ya kokoto ililala katikati ya pori kwa sababu nilisahau kuwasha kipande chake. Mihayo kauliza kama abiria washuke wasukume.

Mkono wake wa kulia unatetemeka sana siku hizi. Kirungu anakizungusha kwa mkono wa kushoto, kulia anavaa tokeni. Bangili inagonga kifungo cha shati, tik tik tik. Nimejifanya sisikii.

Jumatatu, 9 Juni

Siku mbaya. Niandike yote.

Mihayo alikuwa analeta treni ya abiria kutoka Kinyangiri. Bangili anayo yeye. Mimi nilikuwa Ulemo na treni ya mizigo, nimechoka kusubiri. Zimebaki siku sita tu, kichwa kimejaa hilo. Nikairuhusu. Bila tokeni. Mimi, niliyeshika kazi ile miaka yote bila kosa hata moja kwenye kitabu.

Zimekutana uso kwa uso penye kona ya Ulemo, mwanzoni tu mwa kipande. Kichwa cha treni ya abiria kimedondoka sakafuni, kulabu ya nyuma imevunjika. Abiria, yaani maharage, wametapakaa.

Mihayo kapiga meza. "Ungeua watu, mtani!"

Nikacheka. "Watu gani? Wa kuchemsha na chumvi?"

Hakucheka. Kasema mtu wa reli hachezi na tokeni. Hapo ulimi wangu ukaenda wenyewe. Nikamwambia wa kulaumiwa ni mkono wake, unatetemeka mpaka tokeni inapiga kengele.

Kaivua bangili. Kaiweka mezani taratibu. Kaondoka, kofia yangu kichwani.

Mtani anaweza kukuita mchawi, mwizi, mlafi, na ukamkaribisha chai. Lakini mkono ule! Mkono ule ndio ulionifahamu mimi kwanza.

Jumanne, 10 Juni

Hakuja. Nimetengeneza kulabu kwa waya wa baiskeli.

Jumatano, 11 Juni

Hakuja. Mama Eliza kapika ugali wa watu watatu. Tumetazamana na ule wa tatu.

Alhamisi, 12 Juni

Hakuja. Maharage niliyaokota yote isipokuwa moja. Nimepiga magoti kulitafuta chini ya mbao. Mke kaniuliza kama hatimaye nasali.

Ijumaa, 13 Juni

Nimekwenda kwake na jogoo kwapani. Nyumba imefungashwa. Mabegi mlangoni, picha ya marehemu mkewe imeviringishwa kwenye khanga. Moyo umenishuka mpaka kwenye malapa.

Nikasema nimekosa. Neno hilo sijawahi kumwambia mtani, sikujua hata pa kuweka mikono.

Akanisimamisha mlangoni kama kwenye uchunguzi wa ajali.

"Jina?"

"Mkumbo."

"Kwa nini uliruhusu treni bila tokeni?"

"Nilitaka tuzione tatu kabla hujaondoka."

Jogoo kawika kwapani mwangu, mpumbavu.

"Kesho saa nne," kasema. "Na uvae kofia."

"Kofia unayo wewe."

"Basi uje kichwa wazi, tuone hicho kipara."

Jumamosi, 14 Juni

Tatu!

Nimelipigia mstari neno hilo mara tatu.

Mama Eliza alishika kirungu cha tatu, na ndiye aliyekuwa makini kuliko sote. Tokeni zote mikononi, swichi zote zimewashwa, nikapuliza filimbi. Ya abiria kutoka Ulemo, ya mizigo kutoka Kinyangiri, ya kokoto kutoka Ihanja, zote zinafuatana upande mmoja. Zinafika, zinasimama, tunabadilishana tokeni, zinaondoka. Mizunguko mitatu bila kosa. Chumba chote kinanguruma kidogo, kama paka amelala.

Kila zamu ya bangili ilipofika kwa Mihayo niliiinua juu, naye akaidaka kwa kiwiko. Hakuikosa hata mara moja. Tik tik tik. Nimeisikia yote leo.

Jumapili, 15 Juni

Ameondoka. Kalunde kanipa shikamoo mara mbili, nadhani aliona macho yangu. Nimemwambia amchunge baba yake, ni mwizi wa kofia.

Jumanne, 17 Juni

Bangili haipo. Nimepindua magunia, nimechungulia mpaka kwenye kiota cha kuku. Mama Eliza ananiangalia kwa jicho lile.

Mchana simu. Mihayo. Hakusalimia.

"Tokeni iko kwangu. Kipande cha Ulemo na Kinyangiri kimefungwa. Asiruhusiwe mtu."

"Rudisha mali ya watu, Mnyamwezi wewe!"

"Njoo uichukue."

Kakata simu.

Ijumaa, 20 Juni

Ningeweza kutumia kifuniko cha soda kama tokeni. Nimekishika. Nimekitupa. Kipande kimefungwa, basi kimefungwa.

Mama Eliza kasema nimeziba njia ya kwenda kwao. Kisha kaniwekea begi kitandani, na kuku wa kukaanga kaahidi siku ya safari.

Alhamisi, 26 Juni

Tabora. Nilikaa dirishani njia nzima nikihesabu stesheni, na kila mtu wa kugeuza njia nilimpungia. Mihayo kanipokea akiwa na kofia yangu. Amekonda. Amekula mapaja yote mawili ya kuku.

Jumatatu, 30 Juni

Siku nne tumekaa kibarazani tukitukanana. Bangili hakuitoa. Mimi sikuidai.

Leo wamenisindikiza stesheni, Kalunde kamshika baba yake. Treni ilipoanza kujivuta nilimwona amesimama pembeni, mkono wa kulia umeinuliwa, bangili juu ya vidole. Unatetemeka, lakini uko juu. Mahali pangu pale, na mimi ndiye ninayepita. Nikatoa mkono dirishani. Nikamgusa vidole.

Bangili nikaiacha.

Akapiga kelele kwamba naondoka bila tokeni, kosa kubwa, ataniripoti. Alikuwa anacheka. Nilimtazama mpaka kofia ikawa nukta.

Jumatano, 2 Julai

Nyumbani. Mama Eliza kauliza bangili iko wapi. Nimesema sikuiona. Kacheka, kanionyesha mkono. Kumbe alishanunua nyingine gulioni.

Kuku nimemfungulia. Treni nimezifuta vumbi. Ya abiria iko Ulemo, ya mizigo Kinyangiri, ya kokoto Ihanja. Maharage yote yamekaa, hata lile la chini ya mbao. Nimezima betri, nimefunika kwa kitenge mpaka mwenye tokeni arudi.