Hawakuwa na Watu

Joël, ndugu yangu, leo nimefungua mdomo darasani. Mimi, nikiwa na sare ya sekyuriti! Eish.

Nilikuwa nimesimama mlangoni kama kila siku. Profesa anaonyesha picha ya kaburi la askari wa zamani sana, mmoja wa wale waliosema Kigiriki na kupigana mbali na kwao. Jiwe lina jina la chama chao, maana chama ndicho kilichomzika.

Halafu akasema, "Maskini, hawakuwa na watu."

Hawakuwa na watu!!

Nikasikia sauti yangu mwenyewe: "Madame, watu walikuwepo. Walikuwa mbali."

Darasa zima likageuka. Akaniuliza nimejuaje. Nikamwambia sisi masekyuriti tuliotoka mbali, wa mtaa wa Yeoville, tuna chama, na mwaka jana tulimzika Cédric wetu, mama yake akiwa Bukavu anasikiliza kwa simu udongo ukimwagwa kaburini.

Sasa shefu wetu wa kazi anataka kesho nikaombe msamaha. Eti sekyuriti haongei darasani.

Siombi. Anifukuze!

Nitaombaje, na wewe mwenyewe uliishika ile simu juu ya kaburi mpaka mkono ukafa ganzi? Cédric alikuwa na watu, Joël. Ni sisi.