Mdogo Wangu Namba Tisa

Bondeni, Kyela
18 Agosti 2024

Dada yangu mpendwa Atuganile,

Shikamoo. Ugonile, dada. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji Edwin na watoto, na kile kifua kilichokusumbua tangu Pasaka kiwe kimepoa. Sisi huku tunaendelea, Mungu anasaidia. Mama yupo kijijini Talatala. Asubuhi miguu inamuuma, lakini mchana utamkuta kwenye kakao yake, na ukimwambia apumzike anakuuliza kama kakao itajichuma yenyewe. Mpunga tumepata wa kutosha, ingawa maji yalikaa shambani mpaka tukadhani yamehamia.

Anayekukabidhi barua hii ni Jubilate mwenyewe. Mpokee kwanza, mpe maji ya kuoga na chakula, kisha usome ukiwa peke yako. Umeniuliza kwenye simu mara tatu kwa nini mdogo wetu ameacha mpira. Simu inataka jibu la papo hapo, na majibu ya papo hapo nimekupa matatu. Mara ya kwanza nilisema goti. Mara ya pili nikasema utoto. Mara ya tatu nikasema mashabiki wamemkatisha tamaa, na hilo kwa kuwa lina ukweli kidogo ndani yake, ndilo lililokuwa baya kuliko mengine. Sasa nimekaa chini niandike, nianze mwanzo nifike mwisho.

Wewe uliolewa Jubilate akiwa na miaka tisa, kwa hiyo hujawahi kumwona akicheza na watu wazima. Mwili hana. Ukimwona amesimama uwanjani utadhani ameletwa kushika makoti ya wenzake. Lakini mpira ukiwa bado uko mbali, yeye ameshaondoka. Beki akigeuka kumtafuta anakuta hewa. Msimu uliopita aliifungia timu yetu ya Mpunga Stars mabao kumi na tisa, idadi sawa na umri wake, na watu wakalifanya hilo kuwa wimbo.

Unaijua mashine ninapokoboa mpunga. Watu wakisubiri magunia yao hawana kazi nyingine ila ubishi, na tangu mwaka jana ubishi wote ulikuwa juu ya Jubilate. Upande mmoja alikuwa Nancy, yule mama anayekaanga mbasa pale mlangoni. Huyo alikuwa akisema kijana atacheza Ligi Kuu kabla ya mavuno mengine, na asiyeamini asile samaki wake. Upande wa pili alikuwa mzee Yohana, fundi baiskeli, aliyecheza mpira enzi zake na anatembea kama mtu ambaye bado anaukumbuka. Yeye alisema kijana ana mguu mmoja tu, wa kushoto, kichwa hana, na anasifiwa mno mapema. Alikuwa akisema mpunga unaorefuka haraka ndio unaolala haraka. Nancy alimjibu kwamba mzee anamwonea wivu mtoto wa kumzaa, na watu wakacheka mpaka kelele za mashine zikafunikwa.

Wakishindwana waliniita mimi. Walisema, Enoki, wewe ndiye kaka, wewe ndiye uliyemfundisha, sema basi. Mimi nilipangusa pumba usoni nikajibu kwamba bado anajifunza. Wakanisifu kwa unyenyekevu, wakasema ndivyo walivyo watoto waliolelewa.

Basi mwezi wa Juni kocha wetu, Lazaro, alitukusanya akatuambia kwamba Jumapili ya pili, tukicheza na timu ya Matema, atakuja mtu kutoka klabu moja ya ligi kule Mbeya. Alikuwa anatafuta mshambuliaji kijana. Lazaro hakutaja jina, lakini wote tulimtazama Jubilate, naye akainama kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa tayari. Usiku wa kuamkia mechi mama alitutumia ndizi na kuku kutoka Talatala. Aliagiza kuku awe wa Jubilate na mimi nile kitakachobaki. Alikuwa anatania, dada. Najua alikuwa anatania.

Siku yenyewe Nancy alifunga biashara. Mzee Yohana alikuja na kiti chake mwenyewe. Mgeni alikaa karibu na mstari wa katikati, na daftari lake juu ya goti. Nitakueleza kwanza walichokiona watu wote. Kipindi cha kwanza Jubilate aligusa mpira mara nne. Mashabiki wakaanza kuuliza namba tisa yuko wapi, kwanza kwa utani, baadaye kwa hasira. Kipindi cha pili alishuka mwenyewe hadi katikati kuufuata mpira. Akawapita wawili, wa tatu akamnyang'anya, na ule upande uliokuwa ukimwimba ukazomea. Dakika ya sabini Lazaro akamtoa. Alipita mbele ya watu wa Bondeni akiwa ameinamisha kichwa, na nilimsikia Nancy akimwambia kwa sauti kubwa, "Umetuaibisha, mwanangu! Siku ya wageni ndiyo unakuwa mgeni?"

Tulishinda moja bila. Bao nililifunga mimi, kwa mpira wa adhabu, dakika kumi kabla ya mwisho. Wakanibeba mabegani. Nikiwa juu ya mabega ya watu nilimwona yule mgeni akimwuliza Lazaro kitu, na Lazaro akinionyesha mimi. Baadaye aliniambia kwamba mgeni alitaka kujua umri wa namba nane. Alipoambiwa miaka ishirini na saba, alishukuru, akafunga daftari, akaingia kwenye gari.

Kesho yake ubishi pale mashineni ulikuwa umekwisha. Waliokuwa wakimpinga Jubilate walisema si tulisema, na waliokuwa wakimtetea walisema hivyo hivyo, tena kwa nguvu zaidi. Sijui kama umewahi kuona watu wakimgeuka mtu waliyempenda, dada. Wanamlipisha mapenzi yao. Jubilate alipokuja kununua samaki, Nancy alimpa kisogo akaendelea kugeuza mbasa kwenye mafuta mpaka kijana akaondoka. Watoto wa mtaani walibuni jina, wakamwita Mgeni. Wiki mbili hakuja mazoezini. Wiki ya tatu alimpa jirani viatu vyake vya mpira, akaenda Lyulilo, kule ziwani, kubeba vyungu na samaki wanaoshushwa kwenye mitumbwi. Mama alilia. Alisema watu wa mjini wamemla mwanawe kwa midomo, na mimi nilikaa pale kwenye mkeka nikamwitikia.

Mtu mmoja tu hakusema neno tangu mechi ile, na ni yule ambaye ungetarajia aseme kuliko wote. Mzee Yohana alikuja mashineni siku moja bila gunia. Alisubiri mpaka nikawasha mashine ili wengine wasisikie, akanisogelea sikioni. Aliniambia kwamba mwaka mzima amembishia yule kijana kwa sababu alitaka akue, na kwamba mtu humbishia anayemwona ana kitu. Kisha akasema, "Jumapili ile alikimbia kwenye nafasi mara kumi na moja. Nilihesabu. Mara kumi na moja mpira ulikuwa mguuni kwako, na mara kumi na moja ulimwona. Mimi nilimbishia tu, Enoki. Wewe ulimfunga kamba." Akaniambia hatamwambia mtu, si kwa kunisitiri mimi, bali kwa sababu mama yetu asingestahimili kulisikia. Akaondoka. Tangu siku ile baiskeli yangu ikipata pancha naipeleka kwa fundi mwingine.

Hiyo ndiyo habari yenyewe, dada. Goti lake halina neno, na utoto alishaumaliza zamani. Ni mimi niliyemnyima mpira.

Mara ya kwanza ilikuwa dakika ya nane. Alipenya katikati ya mabeki wawili, akainua mkono, na nafasi ilikuwa wazi kama mlango wa kanisa. Nikageuka nikampa beki wetu wa kulia. Moyoni nikajiambia kwamba alikuwa ameotea. Mara ya pili nikajiambia natuliza mchezo. Mara ya tatu sikujiambia kitu. Miguu ilikuwa imeshajua kazi yake. Wakati wa mapumziko Lazaro alinifokea, akasema mtafute mdogo wako, mtu wa Mbeya hakuja kutazama pasi za pembeni. Nami nikamjibu mbele ya timu nzima kwamba Jubilate ndiye anayejificha nyuma ya mabeki, nimpe mpira wapi? Jubilate alikuwa amekaa hatua tatu kutoka pale na chupa ya maji. Aliniangalia. Kisha akarudi uwanjani akaendelea kukimbia.

Utaniuliza kwa nini, na mimi nimejiuliza. Baba alipofariki nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilimfundisha Jubilate mpira kwenye majaruba yaliyovunwa, miguu peku, mabua yakituchoma. Nilimtaka awe vile alivyokuja kuwa. Lakini nimecheza namba nane kwa miaka tisa, dada, na katika miaka hiyo yote sijawahi kusikia watu wawili wakigombana kwa ajili yangu. Hakuna aliyesema nitafika mbali, na hakuna aliyeona haja ya kubisha kwamba sitafika. Zamani yeye aliitwa mdogo wake Enoki. Mwaka jana nikiwa sokoni nilimsikia mama mmoja akimwambia mwenzake kwamba yule pale ndiye kaka yake Jubilate. Nilicheka nao. Nilifika nyumbani nikashindwa kula. Sikuwahi kupanga kumdhuru, naapa kwa kaburi la baba, lakini sikujizuia pia, na nilikuwa na nafasi kumi na moja za kujizuia.

Mwisho wa Julai nilimfuata Lyulilo. Nilimkuta ufukweni akipanga vyungu kwenye matenga, akiviwekea nyasi katikati visigongane. Amekonda na mabega yamepanuka. Alinisalimia, "Shikamoo, kaka," kama siku zote, na salamu hiyo nusura inirudishe nyumbani. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Yeye aliendelea kuweka nyasi.

Nilipomaliza alisema, "Nilijua tangu dakika ya ishirini."

Nikamwuliza kwa nini basi aliendelea kukimbia.

"Nilidhani utachoka," akasema.

Hakunitukana, dada. Ningepona kidogo kama angenitukana. Alifunga tenga lake, akaniuliza kama nimekula, akanipeleka kwa mama mmoja anayeuza ugali, akakaa nami mpaka nikamaliza. Nilimwomba arudi timu. Nikamwambia nitasimama pale mashineni niwaeleze watu wote. Alikataa. Alisema nikiwaeleza, kesho yake watapata ubishi mpya, nao utakuwa juu yake tena, na yeye amechoka kubishaniwa. Alisema pia kwamba hakuacha mpira kwa sababu ya Nancy wala kwa sababu ya kuzomewa. Kila akijaribu kucheza, hata na watoto hapo ufukweni, anajikuta anageuka nyuma kwanza kutazama mwenye mpira ni nani. Mshambuliaji anayegeuka nyuma amekwisha, alisema. Hilo nilimfundisha mimi mwenyewe, kwenye majaruba.

Ulipopiga simu ukasema aje kwako Mbamba Bay amsaidie shemeji dukani, alikubali siku hiyo hiyo. Nilimwambia nitakuandikia barua aje nayo. Aliuliza kama ndani yake kutakuwa na habari ya mechi ile. Nikasema itakuwamo. Akasema sawa, ila nisimfanye mtu wa kuhurumiwa. Nimejitahidi. Kama nimeshindwa mahali, kosa ni la mkono wangu.

Nakuomba mambo mawili tu. Mama usimwambie bado. Nitamwambia mwenyewe mvua zikianza, nikipata ujasiri, na nisipoupata wewe utakuwa shahidi kwamba niliahidi. La pili, nasikia huko kuna vijana wanaocheza jioni. Usimsukume aende, na akienda usimsifu wala usimkosoe. Mwache tu acheze.

Leo asubuhi wakati akifunga mzigo nilimwuliza, kama siku moja atavaa tena jezi huko, naweza kuja kumtazama. Akasema, "Njoo umsalimie dada, kaka. Njoo hata kila mwaka. Uwanjani usije."

Nisalimie sana shemeji Edwin, mwambie mchele wake kilo ishirini uko kwenye mfuko wa bluu aliobeba Jubilate. Wabusu watoto. Mama anakusalimu, anasema ule vizuri na uache kulala na dirisha wazi. Ndaga fijo, asante sana, kwa kumpokea mdogo wetu. Hasira utakazokuwa nazo juu yangu ni halali yako, nami nitazipokea kwa simu, kwa barua au kwa kunyamaza.

Ni mimi mdogo wako,
Enoki